Feleji Nyembamba: Historia ya Msumeno wa Nakshi

Anayetaka kuanza kazi ya kukata nakshi za ubao kwa msumeno huulizia mashine kwanza: ina nguvu kiasi gani, mkono wake unafika umbali gani, kasi yake inapunguzika au haipunguziki. Wauzaji humjibu hayo hayo, kwa kuwa mashine ndiyo yenye bei. Bledi, kile kiutepe cha feleji chenye meno na urefu usiofika sentimeta 13, hutajwa mwishoni, pengine mnunuzi akiwa ameshageuka kutoka dukani. Historia ya chombo hiki inaonyesha kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Kwa zaidi ya miaka 400 msumeno wa nakshi umebadilishiwa karibu kila kitu: fremu ya mbao imeondoka ikaja ya chuma, mkono wa fundi ukapokewa na mguu, mguu ukapokewa na mvuke, na mvuke na umeme. Katika mabadiliko yote hayo, kilichoamua ni nini kinaweza kukatwa, na nani awezaye kukikata, ni bledi. Mashine imekuwa mtumishi wake, na kila ilipojifanya bwana, kazi iliharibika.

Sababu iko katika umbo la kitu chenyewe. Msumeno wa kawaida wa seremala ni mpana ili usipinde unaposukumwa, na upana huo huo ndio unaoufanya uende moja kwa moja, kwa sababu mgongo wake hauna nafasi ya kugeuka ndani ya njia uliyoipasua. Anayetaka kukata jani la mzabibu au herufi yenye mkia hana budi kuupunguza upana huo hadi mgongo uweze kuzunguka pale pale meno yalipopita. Lakini feleji yenye upana wa milimeta moja haiwezi kusimama peke yake. Ikisukumwa itakunjika, na ikivutwa upande mmoja tu itayumba. Lazima ishikwe ncha zote mbili na kukazwa mpaka ilie kama uzi wa zeze ikiguswa. Upinde, mikono, springi na injini vimebuniwa kwa ajili ya kuuhifadhi mkazo huo na kuupeleka juu na chini. Basi swali la kwanza katika historia yake halikuwa nani alibuni fremu, maana fremu yenye kukaza ukanda wa msumeno ilikuwa ikijulikana tangu zama za Warumi. Swali lilikuwa ni nani angeweza kutengeneza feleji nyembamba kiasi hicho isiyokatika kila dakika.

Jibu lilitoka kwa mafundi saa. Kabla yao, Waitalia wa karne ya 15 walikuwa tayari mabingwa wa picha za vipande vya mbao vya rangi mbalimbali. Chumba kidogo cha kusomea cha mtawala wa Urbino, Federico da Montefeltro, kilichopambwa katika miaka ya 1470, kina kuta zilizojaa makabati ya kuigiza yenye milango nusu wazi, vitabu, ala za muziki na silaha, vyote vikiwa picha bapa za mbao. Kazi ile ilifanywa kwa kisu na patasi, na ukiitazama kwa makini utaona jinsi inavyopenda mstari ulionyooka: rafu, vimiani vya milango, majengo yanayofifia kwa mbali. Mtu anaweza kupinga kwamba mistari ile ilipendwa kwa sababu wachoraji wa zama zile walikuwa wamevutwa na elimu ya kuonyesha umbali kwenye picha, wala si kwa sababu ya kisu. Ni kweli, na miviringo haikukosekana kabisa. Hata hivyo tazama kinachotokea karne moja baadaye kaskazini ya milima ya Alps, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, mji uliokuwa maarufu kwa saa na ala za kupimia. Kabati liitwalo Wrangelschrank, lililotengenezwa huko mwaka 1566 na ambalo sasa liko Münster, limefunikwa na magofu, ndege na utepe unaojisokota na kujirudia katika vipande ambavyo kisu kingevipasua kabla ya kuvimaliza. Mji ule ule uliojua kutengeneza kamani ya saa, yaani feleji nyembamba, ngumu na yenye kurudi inapokunjwa, ndio uliotoa samani za namna hii. Utepe wa kamani ukichanjwa meno kwa tupa, huo ni bledi ya msumeno wa nakshi. Haihitaji kingine.

Karne ya 17 Ufaransa iliuchukua ufundi huo na kuupandisha hadhi. André-Charles Boulle, aliyepewa makao katika jumba la Louvre mwaka 1672 kama fundi wa samani wa mfalme, alipata jina kwa kutia njumu za shaba ya manjano ndani ya gamba la ng'amba. Njia yake inastahili kuelezwa kwa sababu inaonyesha jinsi bledi inavyoweza kuwa mshirika katika usanifu. Alibandika karatasi ya shaba na ya gamba pamoja, mchoro juu yake, akakata zote mbili kwa mkato mmoja. Zilipotenganishwa, kila mchoro ulizaa mapambo mawili: shaba ndani ya gamba, na gamba ndani ya shaba. Ndiyo maana samani nyingi za Boulle zilitengenezwa jozi jozi, moja kinyume cha mwenzake. Mpango wote huu unategemea jambo moja, kwamba mkato uwe mwembamba kiasi kwamba kipande cha shaba kikikaa ndani ya tundu la gamba, jicho lisione pengo. Bledi ingekuwa nene maradufu, mtindo uliopamba Versailles usingekuwapo. Fremu iliyoshika bledi hiyo, kwa upande wake, ilikuwa ya kawaida mno. André-Jacob Roubo, seremala wa Paris aliyeandika juzuu kubwa kuhusu useremala kati ya miaka ya 1769 na 1775, anaonyesha michoro ya kazi hiyo: fundi ameketi kwenye kigoda cha mbao chenye taya za kubana, anazifunga kwa mguu na kuuendesha msumeno kwa mkono. Seremala yeyote mwenye randa na patasi angeweza kukijenga kigoda kile kwa siku chache. Kutengeneza bledi asingeweza.

Hata ubora wa feleji yenyewe uliletwa na watu wa saa. Benjamin Huntsman, fundi saa wa Doncaster nchini Uingereza, alichoshwa na feleji isiyolingana ambayo kamani zake zilikatika hovyo. Katika miaka ya 1740, karibu na Sheffield, alifaulu kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mpaka uchafu wake ukajitenga. Hakuwa akifikiria misumeno. Lakini feleji inayofanana mwanzo hadi mwisho ndiyo hasa inayohitajiwa na ukanda mwembamba, kwa kuwa ukanda hukatikia mahali pake palipo dhaifu kuliko pote, hata pengine pote pawe imara. Miaka ya 1760 mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alikuwa akibandika ramani juu ya ubao na kuzikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia kwa kuzipanga upya. Mafumbo ya picha yanayojaa maduka ya vitu vya watoto hadi leo yalianzia hapo, kwa msumeno wa watia njumu. Mpaka wa nchi, ukiufikiria, ni mstari usio na adabu: hupinda unavyotaka mto au mfalme, na ni bledi nyembamba tu inayoweza kuufuata.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya nani anamsubiri nani unatoka kwa ndugu mkubwa wa chombo hiki, msumeno wa mkanda, ule wenye bledi iliyounganishwa ncha kwa ncha na kuzungushwa juu ya magurudumu mawili. William Newberry alipata hataza yake Uingereza mwaka 1808. Magurudumu yalikuwapo, mvuke ulikuwapo, wazo lilikuwa sahihi. Mashine ile haikufaa kitu, kwa sababu hapakuwa na aliyejua kuunga ncha mbili za bledi ili kiungo kistahimili kukunjwa na kunyooshwa bila kukoma. Ilipita karibu miaka 40. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, alipata hataza ya namna ya kuunga, akaiuza haki yake kwa kampuni ya Perin ya Paris, nayo ikiwa na feleji bora ikaifanya mashine ya Newberry ifanye kazi. Sioni mfano ulio bora zaidi katika ufundi wa mbao wa mashine kamili iliyokaa miongo minne ikingoja utepe wake.

Tukiingia nusu ya pili ya karne ya 19, hoja yangu inakutana na pingamizi lenye uzito. Nyumba za Marekani za miaka ya 1860 hadi 1890, zenye mapambo ya mbao yaliyotobolewa kwenye penu, baraza na ngazi, hazikuletwa na bledi, mtu atasema. Zililetwa na reli iliyosafirisha mbao za bei nafuu, na mvuke ulioziendesha karakana za mbao usiku na mchana. Nenda Oak Bluffs katika kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, uone mamia ya nyumba ndogo zilizojengwa kwenye uwanja wa mikutano ya Wamethodisti: kila moja imevaa kilemba cha mbao zilizokatwa kama kitambaa cha darizi. Bila karakana ya mvuke, nani angekata zote hizo? Nakubali nusu ya pingamizi. Nguvu ndiyo iliyoamua idadi. Lakini mvuke ule ule uliendesha misumeno ya kuchana magogo na randa za kulainisha mbao, na hakuna aliyezitambua nyumba zile kwa ubao wake ulionyooka. Kilichozitambulisha ni pindo na tundu. Tundu lililofungwa pande zote haliwezi kukatwa na msumeno wa mkanda, kwa kuwa mkanda hauna ncha ya kupenyeza. Lazima utoboe kwanza kwa keekee, ufungue bledi ncha moja, uipitishe tunduni, uifunge tena na kuikaza. Kila jicho unaloliona katika pambo la namna ile ni mahali ambapo mtu alifungua bledi na kuifunga tena. Mvuke haukumsaidia hapo hata kidogo.

Wakosoaji wa karne hiyo walikosea hapo hapo, wakailaumu mashine. John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu taa saba za usanifu majengo, aliona pambo la mashine kuwa udanganyifu, kwa sababu linadai thamani ya kazi ya mkono ambayo haikufanyika. Mmarekani Andrew Jackson Downing mwaka uliofuata alikuwa na lawama ya karibu zaidi na ukweli: alichukizwa na mapambo ya penu yaliyokatwa kwenye ubao mwembamba, yakaonekana ya kipuuzi. Wembamba ule haukuwa ubahili peke yake. Bledi nyembamba ikipelekwa kwenye mbao nene hupoteza wima wake, tumbo lake huvimba upande, na upande wa chini wa kipande hutoka tofauti na wa juu. Fundi akitaka pindo kali alilazimika kuchagua ubao mwembamba, na akitaka ubao mnene alilazimika kulegeza pindo. Downing aliiona alama ya bledi akadhani ni alama ya tabia. Na kama chombo ndicho kinachotia doa, basi samani za Boulle zilizoheshimiwa na wafalme nazo zina doa, maana zilipita kwenye meno ya aina moja na penu za Massachusetts.

Katika miaka ya nyumba zile za Marekani, mbao zilizotobolewa zilikuwa zinapanda pia kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, na hapa msomaji wa pwani anaweza kuyapima haya kwa macho yake. Ufundi wa mbao uliokuwa na sifa zaidi hapa ni wa kuchonga: milango ambayo patasi imeingia ndani ya unene wa mbao na kuacha maua, minyororo na mitende imeinuka. Mlango hauruhusu kitu kupita, na hiyo ndiyo kazi yake. Wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 baada ya kuwahi kuishi uhamishoni Bombay, na katika miongo michache baada yake, wafanyabiashara wa Kihindi walileta ladha nyingine: roshani za mbao zenye mapazia ya nakshi zilizotobolewa, zinazopitisha upepo na mwanga huku zikimsitiri aliyeketi ndani. Zahanati ya zamani katika barabara ya Mizingani, ambayo Sir Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na iliyokamilika mwaka 1894 baada ya yeye kufariki, ni mfano mzuri wa mtindo huo. Roshani zake zina mbao nyembamba zilizotobolewa kama penu za Marekani, na ukizisogelea utaona mantiki ile ile: ubao mwembamba, pindo kali, jicho lililofungwa pande zote. Zisichanganywe na vimiani vya Kiarabu vilivyojengwa kwa vipande vidogo vilivyokerezwa na kuunganishwa, kwani huo ni ufundi wa kukereza na kuunga, hauna uhusiano na msumeno wa nakshi. Wala sidai kwamba mafundi wa Unguja waliiga Massachusetts. Mtindo wao ulipitia Gujarat na Bombay. Ninachodai ni kwamba mikono miwili iliyo mbali hivyo ilifikia maumbo yenye mipaka sawa, kwa sababu mipaka ya kutoboa ubao hutokana na upana wa kinachopita ndani yake.

Baada ya karakana kubwa, bledi iliingia majumbani. Miaka ya 1870 kampuni za Marekani zilianza kuuza misumeno ya kanyagio, jamaa ya cherehani, kwa watu ambao hawakuwa mafundi. W. F. & John Barnes wa Rockford, Illinois, waliuza mashine imara kwa karakana ndogo. Millers Falls waliuza ile iitwayo Rogers kwa dola 3 na nusu, bei ambayo kijana mwenye kibarua angeweza kuidunduliza. Mwaka 1876 Arthur Hope alichapisha Chicago kitabu cha kuwafundisha watu hao kutia njumu kwa mtindo wa Sorrento wa Italia. Uingereza ilifuata: jarida la Hobbies lilianza mwaka 1895, na kampuni yake yenye makao Dereham, Norfolk, iliuza michoro, mbao nyembamba na bledi kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1909 kampuni ya michezo ya Parker Brothers ilisimamisha michezo yake mingine ili ikidhi kiu ya mafumbo ya vipande, na wasichana walioyakata walitarajiwa kutoa vipande 1,400 kwa siku kila mmoja. Katika biashara zote hizi kuna jambo dogo ambalo wanahistoria hulipita haraka. Mashine iliuzwa moja. Bledi ziliuzwa kwa dazeni, hata kwa dazeni 12. Feleji ilikuwa imekuwa rahisi kiasi kwamba bledi haikuhitaji tena kunolewa wala kutunzwa. Ilikuwa ya kutumika na kutupwa. Fundi wa Boulle aliogopa kukata bledi, msichana wa Parker Brothers hakuwa na sababu ya kuogopa, na tofauti hiyo ndiyo iliyomruhusu mtu asiye fundi kuingia katika kazi iliyokuwa ya watengeneza samani wa mfalme.

Pingamizi la pili huletwa na wapenzi wa mashine wenyewe. Wanasema ufundi huu ulikuwa umefifia katikati ya karne ya 20, na kilichoufufua ni mashine ya Kijerumani ya Hegner katika miaka ya 1970. Kweli kabisa. Lakini ilibadilisha nini? Mashine nyingi za umeme zilizotangulia zilikuwa na mkono mmoja mgumu usiosogea. Bledi ilivutwa chini na injini na kurudishwa juu na springi, kwa hiyo mkazo wake ulipungua na kuongezeka katika kila mzunguko, nayo ilichoka na kukatika, hasa zile nyembamba. Watengenezaji walijibu kwa kuweka bledi nene zaidi, na nakshi ikawa nene pia. Hegner ilikuwa na mikono miwili sambamba inayopanda na kushuka pamoja, bledi ikikazwa katikati yao kwa mkazo usiobadilika. Mpangilio huo haukuwa mpya. Rogers ya dola 3 na nusu ilikuwa na mikono miwili sambamba miaka 100 kabla. Umeme ulipoingia, watu walisahau kilichokuwa kinajulikana, wakajenga mashine kwa ajili ya injini badala ya kuijenga kwa ajili ya bledi. Ufufuo wa miaka ya 1970 ulikuwa kurudisha heshima mahali pake.

Kutokana na haya, anayeanza leo angefanya vizuri kuanza na pakiti chache za bledi na kipande cha mbao anayokusudia kukata, ndipo aulize mashine ipi inazishika vizuri. Bledi hupewa namba, na ufinyu huongezeka kadiri namba inavyoshuka: kuanzia 12 zilizo pana kwa mbao nene, hadi 1, kisha 0, 2/0 na kuendelea mpaka 8/0 zilizo kama nywele. Makampuni hutofautiana kidogo, lakini namba 5 kwa kawaida ina upana wa takriban milimeta moja, unene wa milimeta 0.4 na meno kama 12 kwa inchi, nayo inatosha kwa mbao laini au ngumu za milimeta 18 hivi. Namba 2/0 ina unene wa robo milimeta na meno karibu 28 kwa inchi, kwa vinia na plaiwudi nyembamba. Kanuni ya kuchagua meno ni ya hesabu tu: angalau meno matatu yawe ndani ya mbao wakati wowote. Plaiwudi ya milimeta 3 ikikatwa na namba 5, ambayo meno yake yako umbali wa milimeta mbili, itashikwa na jino moja au mawili, itadunda na kupasuka. Ikikatwa na 2/0 itatulia. Mbao nene zikikatwa na bledi ya meno mengi, unga hauna pa kutokea, nao huwaka. Kwa sababu hiyo bledi nyingi za mbao huruka jino moja, zikiacha nafasi ya unga. Wanaonunua bledi za sonara kwa kuwa ndizo zinazopatikana madukani wajue kwamba urefu wake unakaribiana na wa mashine nyingi na namba zake zinafuata mpangilio ule ule, lakini meno yake yamesongamana kwa ajili ya fedha na dhahabu, na katika mbao nene zitaziba haraka.

Bledi zenye pini mwishoni, ambazo huja na mashine za bei ya chini, ni rahisi kuzifunga lakini pini yake huhitaji tundu kubwa la kuingilia, na kwa hiyo nakshi ndogo zinafungwa mlango kabla kazi haijaanza. Hili peke yake linatosha kumfanya mnunuzi aikatae mashine isiyokubali bledi za ncha tupu. Ziko nyingine ambazo meno machache ya chini yameelekea juu ili kuzuia upande wa chini wa ubao usichanike, na nyingine zilizosokotwa kama kamba zenye meno pande zote. Hizi za mwisho huwavutia wanaoanza kwa kuwa hukata kila upande bila kugeuza ubao, lakini mkato wake ni mpana na wenye kwaruzo, na kwa nakshi safi sizipendekezi. Tena bledi nyingi huchongwa kwa kupigwa kutoka upande mmoja, zikabaki na ukingo mdogo upande wa kulia, kwa hiyo huvuta mkato kando. Anayejua hilo hulisha ubao kwa mshazari wa digrii chache na mstari unanyooka. Asiyejua hulaumu mashine, akainunua nyingine, na kukuta tatizo limemfuata.

Pingamizi la mwisho ni la zama zetu. Katika miji yetu mashine za leza zinakata mabango, mapambo ya harusi na vimiani vya mbao kwa dakika, bila bledi kabisa. Je, leza haijaifuta hoja yote? Kwa mbao nyembamba na kazi za kurudiarudia imeshinda, na sioni faida ya kulikana hilo. Hata hivyo swali lililoulizwa Augsburg halijabadilika: kinachopita ndani ya mbao kina upana gani, na kinauacha ukingo katika hali gani? Leza huacha ukingo mweusi uliochomeka, na kwa kawaida hukata wima. Mtia njumu anayetumia bledi ana njia ambayo leza hizo hazina. Huinamisha meza kidogo na kukata mbao mbili za rangi tofauti zikiwa pamoja, ili kipande cha juu kikishuka kwenye tundu la chini kizibe chenyewe pengo lililoachwa na mkato. Kiasi cha kuinamisha hutokana na vitu viwili tu, unene wa mbao na upana wa mkato. Kwa mbao za milimeta 3 na mkato wa robo milimeta, meza inahitaji kuinama karibu digrii 5. Bledi ikiacha mkato wa milimeta 0.4 katika mbao hizo hizo, digrii zinakaribia 8. Hesabu hiyo huanzia kwenye pakiti ya bledi, kabla mashine haijawashwa.